Jinsi ya kupima msongamano na ufuniko wa msitu wa mikoko Lamu

Ukiitazama mikoko ya Lamu kutoka kwenye boti, huoni kitu ila ukuta wa kijani. Ukishuka ukapenya hatua hamsini ndani, huenda ukakuta msitu kamili, na huenda ukakuta visiki, fito zilizopinda na jua linalopiga tope moja kwa moja. Picha ya setilaiti ina upungufu huohuo: inaona majani ya juu, haioni shina wala kisiki. Ndiyo maana kazi hii lazima ifanywe kwa miguu, kwa tepu na penseli.

Kaunti ya Lamu ina takriban hekta 37,000 za mikoko, zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Kikundi cha kijiji kinachotaka kuonyesha kwamba eneo lake limeanza kupona, au kwamba halistahili kukatwa tena kwa sasa, kinahitaji tarakimu zake chenyewe. Mwongozo huu ni wa vikundi kama hivyo, walimu na wanafunzi. Hauhitaji shahada wala vifaa vya bei kubwa. Unahitaji watu wanne walio makini, na siku zenye maji mazuri.

Mambo matatu ya kupima

Ufuniko ni sehemu ya ardhi iliyo chini ya majani, ikihesabiwa kwa asilimia kana kwamba jua liko utosini. Msongamano ni idadi ya mashina kwa hekta. Watu wengi huvichanganya, na makosa mengi ya ripoti huanzia hapo. Mlilana, aina mojawapo ya mikoko, ukiwa mmoja tu mzee wa ukingoni unaweza kufunika ardhi inayotosha mashina mengi ya fito, kwa hiyo ufuniko utakuwa mkubwa na msongamano mdogo. Kwenye mkandaa, aina nyingine ya mikoko, uliochipua kwa wingi mambo hugeuka: mashina maelfu, na juu bado kweupe.

La tatu ni visiki. Mwenye kupima ufuniko na msongamano akaacha visiki amepima kilichobaki tu, na hatajua kilichoondoka. Kwa Lamu, ambako mikoko imesafirishwa kwa majahazi hadi Bara Arabu kwa karne nyingi na ambako ukataji haujaisha, mimi sikubali fomu isiyo na safu ya visiki.

Ruhusa kwanza

Mikoko yote ya Kenya ni msitu wa serikali uliotangazwa rasmi tangu 1932. Kupima si kukata, lakini kuingia na kamba na vigingi bila kuaga kutakuletea maswali. Nenda ofisi ya Huduma ya Misitu Kenya, mweleze afisa mnachofanya na mpate barua. Ikiwa eneo lenu limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, Shirika la Huduma za Wanyamapori nalo lihusishwe. Mtafiti wa chuo anahitaji pia kibali cha utafiti cha taifa. Halafu mwone chifu na wazee wa kijiji. Upande wa kaskazini, kuelekea Kiunga na mikono ya bahari ya Dodori, hali ya usalama iulizwe kabla ya kila safari, wala msitegemee habari ya wiki iliyopita.

Wakata mikoko wenyewe waambieni mapema. Hao ndio wanaojua njia za ndani, na wakishajua kwamba hamkuja kuwashitaki watawaonyesha mahali ambapo ramani haifiki. Mmoja wao akikubali kuwa katika timu, mlipeni kama mtaalamu, kwa sababu ndivyo alivyo.

Kupanga siku kwa maji

Njia nyingi tutakazotumia zilipevuka katika misitu ya nchi kavu. Grant Cottam na John Curtis wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walipoandika mwaka 1956 kuhusu vipimo vya umbali kati ya miti, walikuwa na misitu ya mialoni na misonobari, ambako mtu huweza kufanya kazi kutoka asubuhi hadi jioni. Huku kwetu bahari ndiyo inayotoa ratiba.

Wakati wa bamvua, yaani siku mbili tatu baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu, maji hupwa sana, na katika pwani yetu maji huwa chini kabisa kama saa nne hadi saa tano asubuhi. Huo ndio wakati wa kufanya kazi ukingoni na kwenye mkoko wa katikati. Shukeni saa tatu kabla ya maji kufika chini, na mwanze kutoka mara tu yanapogeuka. Hapo mna takriban saa tatu za kazi ya maana, na ploti (vipande vya msitu vya kupimia) tatu au nne zilizopimwa vizuri zinatosha kwa siku. Anayejisifu kwa ploti kumi katika maji mamoja huwa amekadiria.

Wakati wa maji mafu, yaani siku za nusu mwezi ambapo bahari hupwa kidogo, ukingo haukauki vya kutosha. Lakini sehemu ya nyuma, kule kwenye kikandaa na mchu wa upande wa nchi kavu, hufikiwa na bahari wakati wa bamvua kubwa tu. Basi siku za maji mafu zitumieni huko. Kwa mpango huo mwezi mzima unakuwa na kazi.

Nahodha akae na chombo. Mashua ikiachwa kwenye hori dogo, yaani mkono mwembamba wa bahari, itakaa juu ya tope, na mtasubiri maji yajae ndipo mwondoke. Vaeni viatu vilivyofungwa vizuri, kwani chaza walioshika kwenye mizizi hukata kama wembe. Chukueni maji ya kunywa mengi kuliko mnavyodhani mtahitaji.

Vifaa

Tepu ya mita 50 na nyingine ya mita 30. Tepu ya fundi cherehani ya kupimia mzingo wa shina. Kamba ya plastiki iliyofungwa mafundo kila mita. Dira. Simu yenye GPS, ndani ya mfuko usiopenya maji. Vigingi vya bomba la plastiki. Fimbo ya mita 1.3, na nyingine ya mita 3 iliyochorwa alama ya sentimita 40 na ya mita 1.5. Kipande cha bomba chenye urefu wa kiganja, kilichofungwa nyuzi mbili zinazokatana mdomoni. Kazi yake itaelezwa. Fomu zilizochapishwa, kibao cha kuandikia, na penseli. Kalamu ya wino haifai kabisa: tone moja la maji ya chumvi na asubuhi yote imepotea.

Kujua miti

Kenya ina aina 9 za mikoko, na kwenye mistari mingi ya Lamu utakutana na 7. Kila mwanatimu azijue kabla ya siku ya kwanza, na fomu itumie herufi mbili kwa kila aina ili mwandishi asichelewe.

Mkoko wenyewe, Rhizophora mucronata, unajulikana kwa mizizi inayoshuka kutoka shinani na jani lenye ncha kali. Mkandaa, Ceriops tagal, una majani madogo ya mviringo kwa mbele na shina lililopanuka chini. Muia, Bruguiera gymnorrhiza, hutoa mizizi iliyokunjwa kama magoti, na kikombe cha ua lake ni chekundu. Mchu, Avicennia marina, una jani lenye rangi ya kijivu upande wa chini, na mizizi ya kupumulia myembamba inayosimama kwenye tope kwa mamia. Mlilana, Sonneratia alba, nao una mizizi ya kupumulia, lakini ni minene, na hukaa mbele kabisa, panapopigwa na bahari. Mkomafi, Xylocarpus granatum, utauona kwa tunda lake kubwa la mviringo. Kikandaa, Lumnitzera racemosa, ni mti mdogo wa nyuma wenye jani nene na maua meupe. Msikundazi na mkomafi dume ni wa nadra. Ukiwaona, piga picha na uandike.

Kwa kawaida miti hii hujipanga kwa mikanda kutoka baharini kwenda nchi kavu: mlilana, mkoko, muia na mkandaa, kisha mchu na kikandaa. Mchu huweza kuonekana pande zote mbili, mbele na nyuma. Mpangilio huu ndio unaoamua mistari yenu ielekee wapi.

Kuweka mistari

Mstari uanze ukingoni mwa maji na uende moja kwa moja hadi msitu unapokwisha upande wa nchi kavu, ukikata mikanda yote. Mstari unaofuata ukingo utapima mkanda mmoja tu, tena ule ambao mara nyingi ndio mzuri kuliko yote.

Mahali pa kuanzia pasichaguliwe kwa jicho. Hii ndiyo kanuni ninayoisimamia kuliko nyingine zote katika kazi hii. Mtu akiachiwa achague atachagua penye njia, penye tope gumu, penye miti inayopendeza, na bila nia mbaya yoyote ataandika msitu ambao haupo. Fanyeni hivi: kwenye ramani pimeni urefu wa ukingo wa eneo lenu, tuseme mita 1,200. Gaweni vipande 6 vya mita 200. Andikeni namba kutoka 0 hadi 199 kwenye vikaratasi, vitieni ndani ya kofia, mmoja achomoe kimoja. Ikitoka 74, mstari wa kwanza unaanza mita ya 74, wa pili mita ya 274, wa tatu 474, na kuendelea. Dira ishikwe kwa nyuzi zilezile katika mistari yote.

Mstari ukiangukia kwenye uwazi usio na mti hata mmoja, pimeni uwazi huo. Ploti yenye sifuri ni ploti. Ukiangukia kwenye hori lenye maji, rukeni hori, andikeni upana wake na mwendelee ng'ambo.

Ploti

Kila baada ya mita 50 kwenye mstari weka ploti ya mita 10 kwa 10. Iwekwe mita 5 kando ya mstari, mara kulia mara kushoto, ili njia mnayoikanyaga isipite ndani yake na kuvunja miche kabla haijahesabiwa. Kona ya kwanza ni kigingi. Ili kona ziwe za mraba kweli, pimeni kutoka kona hadi kona ya pili kinyume: lazima ifike mita 14.14. Msipofanya hivyo, ploti itakuwa imeinama na eneo lake litapungua bila mtu kujua. Kwenye mizizi ya mkoko kazi ya kamba pekee huweza kuchukua dakika ishirini, na ni dakika zisizopotea bure.

Mti unaohesabiwa ni wenye kipenyo cha sentimita 2.5 na zaidi. Kwa kila mti andikeni aina, mzingo, urefu na daraja la unyofu.

Mzingo hupimwa mita 1.3 kutoka chini, na hapo ndipo fimbo inapotumika. Mti ulioinama hupimwa kwa kufuata shina lenyewe. Mkoko una kanuni yake: ikiwa mizizi inatoka shinani juu ya kimo hicho, panda hadi sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa na upime hapo. Mzingo ukiugawa kwa 3.14 unapata kipenyo. Shina likigawanyika chini ya mita 1.3, kila tawi lipimwe peke yake, lakini yote yabaki chini ya namba moja ya mti, ili baadaye muweze kutenganisha idadi ya miti na idadi ya mashina. Mchu hasa hupenda kuota mashina mengi kwenye kisiki kimoja.

Mti ulio mpakani? Angalia katikati ya shina, si mizizi. Mizizi ya mkoko inaweza kuenea nje ya ploti mita nzima na zaidi. Kama katikati ya shina iko juu ya kamba yenyewe, hesabuni wale wa pande mbili mlizozichagua tangu mwanzo na muwaache wa pande mbili nyingine.

Daraja la unyofu ni la kienyeji na lina faida kubwa. Daraja la 1 ni mti ulionyooka unaofaa kuwa nguzo ya kuuza, la 2 umepinda kidogo, la 3 haufai kujengea. Bei ya korja, yaani miti ishirini, hutegemea unyofu na unene, kutoka fito kwenda pau, mazio, boriti hadi nguzo. Boriti, ile iliyobeba dari za nyumba za mawe za Lamu na kuamua upana wa vyumba vyake, ni kama sentimita 11.5 hadi 13.5. Ukikuta ploti baada ya ploti zina miti mingi ya unene wa boriti lakini karibu yote ni daraja la 3, ujue walionyooka walishachaguliwa. Msongamano peke yake usingekwambia hilo.

Kisha visiki. Kila kisiki kipimwe kipenyo pale kilipokatwa, kiandikwe aina kama inajulikana, na kama ni kipya au cha zamani. Andikeni pia kama kinachipua. Mchu na mlilana hukatwa vikachipua tena. Mkoko, muia na mkandaa kwa kawaida havichipui vikikatwa chini, kwa hiyo kisiki cha mkoko ni mti uliokufa, na nafasi yake itajazwa na mche tu.

Urefu wa miti msipotezee muda mwingi. Fimbo ya mita 3 na jicho lililozoea vinatosha kwa miti ya chini ya mita 8. Kwa mirefu zaidi tumieni programu ya simu ya kupima pembe.

Miche

Ndani ya kila ploti, kwenye kona ya kwanza, funga kiploti cha mita 5 kwa 5. Hapo hesabu kila mche kwa aina na kwa kimo. Kundi la kwanza ni chini ya sentimita 40, la pili ni sentimita 40 hadi mita 1.5, na la tatu ni mita 1.5 hadi 3, wenye kipenyo kisichofika sentimita 2.5. Wataalamu wa mikoko hulinganisha makundi haya kwa uwiano wa 6 kwa 3 kwa 1: kwa kila mche mmoja wa kundi la tatu kuwe na 3 wa kundi la pili na 6 wa kundi la kwanza, ndipo msitu uhesabiwe kuwa unajirithi vizuri.

Kundi la kwanza likiwa maelfu na la tatu likawa tupu, mbegu zinafika ila hazikui. Tafuteni sababu palepale: kivuli kizito, kaa wanaotafuna, mifugo inayoshuka kula, au mchanga uliofunika tope. Na ikiwa hata kundi la kwanza halipo, huenda maji hayaingii tena kama zamani, kwa sababu ya barabara, ukuta au hori lililoziba. Kupanda miche mahali kama hapo kabla ya kufungua njia ya maji ni kuua miche. Nalisema kwa uchungu, maana miche mingi imeshapandwa hivyo katika pwani yetu.

Ufuniko

Njia rahisi na ya kuaminika ni kamba iliyonyooshwa. Vuta tepu ya mita 50 kando ya mstari, kwenye kimo cha kiuno. Tembea nayo, na kila majani yanapoanza kuwa juu yake andika mita, na yanapoisha andika tena, kwa aina yake. Tuseme mkoko umefunika jumla ya mita 24 na mkandaa mita 15.5. Mkoko ni asilimia 48 na mkandaa asilimia 31. Ukijumlisha unapata 79. Lakini ukipima sehemu ya tepu iliyo chini ya jani lolote, unapata mita 36.5, yaani asilimia 73. Tofauti hiyo ni mahali ambapo matawi ya aina mbili yamepandana. Tarakimu zote mbili ni sahihi, ila zisemwe kwa majina yake: ufuniko wa kila aina, na ufuniko wa msitu.

Kazi ya kujua tawi liko juu ya tepu au kando yake ni ngumu kwenye miti mirefu, na hapa ndipo kile kipande cha bomba kinapofaa. Simama kwenye kila mita ya tepu, inua bomba wima kabisa, tazama pale nyuzi zinapokatana. Jani au tawi, andika moja. Mbingu, andika sifuri. Kwenye mistari miwili ya mita 50 una vituo 100, na jumla ya moja ndiyo asilimia. Bomba lisiinamishwe. Anayetazama kwa mshazari huona majani mengi kuliko yaliyopo, na kioo cha kupimia kivuli, ambacho wengine hutumia badala ya bomba, kina tabia hiyohiyo, kwa hiyo tarakimu za kioo zisilinganishwe na za bomba.

Kwa mimea ya chini, hasa kule nyuma kwenye tambarare za chumvi zenye majani manene yanayotambaa, tumieni fremu ya mita 1 kwa 1 na mkadirie kwa madaraja: 0 hadi 5, 5 hadi 25, 25 hadi 50, 50 hadi 75, 75 hadi 95, na 95 hadi 100. Kwenye hesabu tumieni katikati ya kila daraja: 2.5, 15, 37.5, 62.5, 85 na 97.5. Watu wawili wakadirie kila mmoja peke yake, kisha ndipo waonyeshane. Wakitofautiana daraja zaidi ya moja, watazame upya pamoja.

Penye msitu usiopitika: njia ya robo nne

Kuna sehemu ambazo kuzungushia ploti ni taabu tupu. Hapo tumieni njia waliyoieneza Cottam na Curtis, nayo chimbuko lake ni kazi ya wapima ardhi wa Marekani wa karne ya 19. Kwenye kila kituo cha mstari, tuseme kila mita 20, chora msalaba: mstari wenyewe na mwingine unaoukata. Unapata robo nne. Katika kila robo tafuta mti ulio karibu zaidi, pima umbali hadi katikati ya shina, andika aina na mzingo. Miti minne kwa kituo, basi. Mti mmoja usihesabiwe kwenye vituo viwili.

Vituo 20 ni miti 80. Wastani wa umbali wote ukiwa mita 2, kila mti una mita 4 za mraba, na hekta yenye mita 10,000 za mraba ina miti 2,500. Ikiwa katika ile 80 mkoko ni 48, mkandaa 24 na muia 8, basi mkoko ni asilimia 60, ambayo ni miti 1,500 kwa hekta, mkandaa 750 na muia 250.

Njia hii inadhani miti imetawanyika bila mpango. Pale ilipoota kwa vishungi na mapengo katikati, itawapa idadi pungufu. Katika shamba lililopandwa kwa mistari, itawapa idadi iliyozidi. Kwenye eneo lililokatwa vibaya nawashauri mrudi kwenye ploti, hata kama ni taabu.

Hesabu, na idadi ya ploti

Ploti ya mita 10 kwa 10 ni sehemu ya mia ya hekta, kwa hiyo kila mti mmoja ni 100 kwa hekta. Kiploti cha mita 5 kwa 5: kila mche ni 400 kwa hekta. Eneo la mashina, yaani eneo la shina likikatwa mlalo pale linapopimwa, hupatikana kwa kuzidisha kipenyo cha sentimita kwa chenyewe, kisha kwa 0.00007854. Mti wa sentimita 10 una mita za mraba 0.00785, katika ploti moja, hiyo ni 0.785 kwa hekta.

Swali ninaloulizwa kila mara ni ploti ngapi zinatosha. Chukueni mfano huu. Ploti 5 zimetoa miti 12, 31, 8, 27 na 22. Wastani ni 20, yaani 2,000 kwa hekta, na tarakimu hiyo inapendeza kwenye ripoti. Lakini tawanyiko lake ni kubwa: ukitafuta tofauti ya kila ploti na wastani, ukaizidisha kwa yenyewe, ukajumlisha, ukagawa kwa 4 na kutafuta kipeo cha pili, unapata 9.8. Ugawe kwa kipeo cha pili cha 5, unapata 4.4. Kwa ploti chache hivyo, uhakika wa asilimia 95 unataka uzidishe kwa 2.78, nayo ni 12. Kumbe msitu wako una kitu kati ya miti 800 na 3,200 kwa hekta! Kwa tawanyiko lilelile ploti 20 zingeleta upana huo hadi kati ya takriban 1,550 na 2,450. Ndiyo sababu ripoti yenye ploti 5 haiwezi kuthibitisha kwamba msitu umeongezeka au umepungua kwa robo, hata kama kweli umebadilika.

Msichanganye mikanda. Wastani wa mlilana wa mbele na kikandaa wa nyuma si wastani wa kitu chochote. Hesabuni kila mkanda peke yake, kisha mzidishe kwa ukubwa wa mkanda huo ndipo mjumlishe.

Kurudi

Jioni ileile fomu zipigwe picha, na majina ya waliopima yawe juu ya kila ukurasa. Nakala moja ibaki kijijini, si kwa afisa wala kwa mtafiti peke yake.

GPS ya simu chini ya majani hukosea kwa mita kadhaa. Inawafikisha karibu na ploti, haiwaonyeshi kona. Kwa hiyo vigingi vya kona mbili vibaki, na kila mti uchorwe mstari mwembamba wa rangi pale ulipopimwa, ili timu ya mwaka ujao ipime mahali palepale. Vibandiko vya waya vinavyofungwa shinani msivitumie. Mti ukinenepa vinaukaba.

Rudini mwezi uleule, katika bamvua ileile, kwa sababu idadi ya miche baada ya mvua za masika si sawa na wakati wa kaskazi. Pimeni kwa njia ileile hata kama mmepata kifaa bora. Kifaa kipya kitumike sambamba na cha zamani mwaka mmoja kabla ya kukiacha cha zamani. Mti uliokuwepo mwaka jana na sasa haupo usifutwe kwenye orodha. Namba yake ibaki, na mbele yake paandikwe: umekufa umesimama, umeangushwa na maji, au kisiki, pamoja na kipenyo cha kisiki hicho.